Bi Zuleikha na Wino wa Dobi

Katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, mjini Doha, chini kabisa ya jengo, palikuwa na dirisha dogo ambalo hakuna mfanyakazi aliyeweza kulikwepa. Mpishi, mlinzi, fundi bomba, mtandika vitanda, hata meneja msaidizi mwenye tai ya hariri, wote walipita hapo kila siku wakiwa na nguo chafu mkononi na kuondoka na nguo safi. Utaratibu ulikuwa sare kwa sare: toa chafu, upewe safi. Nyuma ya dirisha hilo alikaa Bi Zuleikha, mwanamke wa Mkokotoni, Unguja, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mfupi wa kimo na mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine za kufulia.

Cheo chake kilikuwa karani wa sare. Kwa vitendo, hakuna aliyekuwa na nguvu hotelini kumzidi, kwa sababu mtu anayesubiri suruali yake hana ubishi.

Kuna watu wanaopenda harusi na kuna watu wanaopenda mpira. Bi Zuleikha alipenda uchaguzi. Kule Mkokotoni alikuwa amepiga kura katika kila jambo lililopigiwa kura: kamati ya maji, kamati ya wazazi wa skuli, mshika fedha wa upatu, na mara moja, kwa makosa, uchaguzi wa nahodha wa timu ya mpira ya kijiji cha jirani. Siku ya kura aliamka kabla ya adhana, akavaa kanga mpya, akabeba kigoda cha kukalia foleni na kikapu cha vitafunio vya kuwauzia waliosahau kula. Alipoachika na kuja Doha mwaka 2006, kwanza kufanya kazi katika nyumba ya familia moja ya Al Wakrah, kisha hotelini, hakulilia sana mume. Alichokosa kilikuwa foleni.

Kila baada ya miaka minne mitaa ya Doha ilijaa picha za wagombea wa baraza la manispaa. Uchaguzi ule ulikuwa wa raia, na Bi Zuleikha alilijua hilo wala hakulalamika. Lakini hakuna sheria iliyomkataza mgeni kuwa na mtu wake. Kwa hiyo kila msimu alitembea mitaa ya Al Mansoura, ilipokuwa nyumba ya wafanyakazi wa hoteli, akizikagua picha moja moja, macho, ndevu na tabasamu, mpaka akachagua. Mwaka 2011 alimchagua bwana mmoja mwenye nyusi nene kwa sababu alionekana ni mtu wa kuziba mashimo ya barabara. Alishindwa. Mwaka 2015 picha ya mtu wake iliangushwa na upepo, naye akaiinua, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio na kuiegemeza ukutani. Huyo naye alishindwa. Bi Zuleikha aliamini kwamba walishindwa kwa kukosa kura yake moja.

Basi ikaja 2019. Mwaka huo kampuni kadhaa zilianza kuunda kamati za pamoja za wafanyakazi na uongozi, na wafanyakazi, watokao nchi yoyote ile, wakapewa nafasi ya kuchagua wawakilishi wao. Tangazo la hoteli lilibandikwa kantini, karibu na sufuria ya dengu. Lilisema kwamba mwakilishi mmoja atachaguliwa kwa kura ya siri, kila mfanyakazi ana haki ya kupiga kura, na kwamba wakipiga chini ya nusu ya wafanyakazi wote, ofisi ya utumishi itamteua mwakilishi yenyewe.

Bi Zuleikha alilisoma tangazo lile mara mbili akiwa na sahani mkononi. Dengu zikapoa.

Hakufurahi kwa sababu ya foleni tu. Alikuwa na haja yake, na haja hiyo ilikuwa jiko. Nyumba ya wafanyakazi ya Al Mansoura ilikuwa na jiko zuri lenye mafiga manne ya gesi. Miaka mitatu nyuma king'ora cha moshi kililia mara nyingi mno katika wiki moja, hoteli ikaweka kufuli, na tangu hapo watu wote walikula kantini: wali, dengu, na kuku asiyejulikana amepikwa kwa mapishi ya nchi gani. Bi Zuleikha alikuwa mpishi wa kuzaliwa. Miaka mitatu alikuwa hajakuna nazi. Alikwenda mara kadhaa kwa Bwana Kurian, afisa utumishi kutoka Kerala, mtu mpole aliyependa mambo yaishe mapema, na kila mara alijibiwa jibu lile lile.

"Madamu, suala la nyumba lipitie kwa mwakilishi wa wafanyakazi."

"Mwakilishi ni nani?"

"Hatuna mwakilishi."

Sasa mwakilishi angepatikana. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Velma, Mkenya mhudumu wa mgahawa wa asubuhi, msichana mchangamfu ambaye jambo la kwanza aliloahidi lilikuwa kufungua jiko siku za Ijumaa. Wa pili alikuwa Benard, Mganda mbeba mizigo wa mapokezi, ambaye hakuahidi kitu. Kila mtu alijua kwamba kura zisipotosha, Bwana Kurian angemteua Benard, kwa kuwa Benard hajawahi kumsumbua mtu. Na chumba cha Benard kilipakana ukuta na jiko.

"Benard, mwanangu," Bi Zuleikha alimuuliza dirishani, huku ameikumbatia sare safi ya kijana huyo, "ukiteuliwa utalisemea jiko?"

"Mama, mimi sikudanganyi," alisema Benard kwa upole. "Tangu walifunge nalala vizuri sana."

Bi Zuleikha akampa sare. Haki ni haki. Lakini alimpa ile iliyopungua kifungo.

Kuanzia siku hiyo dirisha la sare likawa ofisi ya hamasa. Aliyekuja kuchukua shati aliulizwa kama atapiga kura, na shati lilibaki upande wa Bi Zuleikha mpaka jibu lipatikane. Tatizo ni kwamba watu hawakutaka.

"Mama, mimi siasa niliacha Kakamega," alisema Joram, mlinzi wa lango la nyuma, Mkenya mrefu mwenye sauti ya mhubiri. "Hapa nimekuja kutafuta. Nifanye kazi, nitume nyumbani, nilale."

"Na unakula nini kabla ya kulala?"

Joram akafikiri. "Dengu."

"Na unataka kula nini?"

"Ugali, Mama. Ugali na sukuma wiki." Sauti ya mhubiri ikawa ya mtoto. "Hata bila nyama."

"Hiyo ndiyo siasa yenyewe, baba. Haikubaki Kakamega, imekufuata mpaka tumboni. Chukua suruali yako."

Joram aliokoka papo hapo, na kama waongofu wengi, aliizidi imani ya aliyemwongoa. Alijitangaza kuwa wakala wa kulinda kura. Alisema ameona chaguzi nyingi nyumbani na anajua vile mambo huharibika. Bi Zuleikha alifurahi kupata mwenzake, akamwambia wakala lazima aonekane nadhifu, na akamwahidi sare mpya kabisa ya siku ya kura.

Wengine walikuwa wazito zaidi. Wako waliosikia kwamba atakayepiga kura atarudishwa kwao. Wako waliodhani inabidi uandike insha. Bahadur, Mnepali wa bustani, mtu mzima mwenye masharubu, alimwambia Bi Zuleikha kwa lugha ile ya hotelini iliyochanganya Kiingereza, Kihindi na Kiarabu kwamba yeye hakuzoea karatasi na angeogopa kuiharibu. "Didi," alisema, yaani dada mkubwa kwa Kinepali, "nikikosea je?"

Hapo ndipo Bi Zuleikha alipopata wazo lake la mazoezi. Kama watu wanaogopa kupiga kura, basi wapige kwanza kura ya mchezo, wazoee karatasi, waone sanduku haliumi, na siku yenyewe ikifika waende kama wanaokwenda kunywa chai. Bwana Kurian alikubali mradi isiguse saa za kazi. Bi Zuleikha akachukua katoni ya sabuni ya unga, akatoboa tundu juu, akaandika karatasi ndogo ndogo. Ili siasa isiingie, aliamua watu wachague jambo lisilo na ugomvi: kantini ingekuwa na uwezo, ingepika chapati au maandazi?

Kisha akakaa, akaiangalia katoni, akaona kuna kitu kinapungua. Uchaguzi gani hauna wino?

Dobini kulikuwa na wino wa kuandikia namba za wafanyakazi kwenye kola za mashati. Ulikuwa wa zambarau, na sifa yake ilikuwa moja: hautoki. Uliogeshwa kwa maji ya moto kila siku, ukapigwa dawa ya kung'arisha, ukapitishwa chini ya pasi, na bado namba ilisomeka mpaka shati lichanike. Bi Zuleikha alimimina wino huo kwenye kikombe cha kahawa na kujiona amekuwa tume nzima ya uchaguzi.

Siku ya mazoezi kantini ilifurika. Watu walikuja kwa sababu walidhani kuna chapati. Foleni ilinyooka mpaka nje ya mlango, na Bi Zuleikha alipoiona alilazimika kugeuka pembeni kidogo, mtandio machoni.

Ugomvi ulianzia kwenye kikombe. Mkenya wa kwanza alitoa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kama ilivyo kwao, na Watanzania wakaona ni sawa, ndivyo ilivyo na kwao. Bahadur akatoa kidole gumba. Akaambiwa atoe cha mwisho. Akakataa katakata, kwao Nepal kura ni ya gumba, na hajawahi kusikia mtu mzima anapiga kura kwa kidole cha kuchokolea sikio. Madereva wa Kihindi wakatoa kidole cha shahada, na Wafilipino nao shahada, ila baadhi yao cha mkono mwingine. Kila taifa lilikitazama kidole cha mwenzake kwa huruma.

"Kila mtu na cha kwao," Bi Zuleikha aliamua. "Mradi wino uingie."

Chapati zilishinda. Watu wa maandazi, wengi wao wa pwani, walidai kura zimehesabiwa kwa haraka. Joram, aliyehesabu mara tatu kwa sauti, alichukia kushukiwa na akahesabu mara ya nne. Watu waliondoka wakicheka, wakiwa hawaogopi tena karatasi, na Bahadur alimwambia Bi Zuleikha kwamba hakujua kuwa kupiga kura ni kitu chepesi hivi.

Kesho yake ndipo vidole vilipoanza kuonekana. Mgeni mmoja mzee wa mgahawani aliletewa mayai na Velma, akaona kidole cha zambarau chini ya sahani, akauliza kwa upole kama kuna ugonjwa. Meza ya pili ilihudumiwa na mtu wa zambarau mwingine. Kufika saa nne meneja aliamuru wahudumu wote wavae glavu nyeupe. Wageni wakadhani hoteli imepanda daraja, na mmoja akaacha ujumbe wa pongezi mapokezi.

Siku ya uchaguzi wenyewe Bi Zuleikha alivaa kanga mpya ndani ya sare, kwa vile juu ya sare hairuhusiwi. Alipiga kura yake ya kwanza ya Doha kabla Bwana Kurian hajamaliza kulifunga sanduku, kisha akarudi dirishani kugawa nguo huku moyo umetulia. Kila aliyefika alimwuliza kama ameshapita kantini, na kila mmoja alimjibu, "Nimeshapiga, Mama," akimwonyesha kidole. Asubuhi nzima vidole vilipita dirishani, vya zambarau, vyenye fahari. Bi Zuleikha aliwaombea dua.

Saa kumi alasiri alishuka kantini kuona foleni. Foleni haikuwepo. Bwana Kurian alikuwa peke yake nyuma ya sanduku, anachezea simu.

"Wamekwisha wote?" aliuliza Bi Zuleikha.

"Wamekuja wachache," alisema Bwana Kurian, bila masikitiko makubwa. "Robo, labda. Si neno, Madamu. Nikifunga magharibi nitamteua Benard. Kijana mtulivu."

Bi Zuleikha alihisi jiko likifungwa kufuli la pili. Alitoka mlangoni, na pale nje, kando ya mlango, alimkuta Joram. Alikuwa amesimama wima katika sare mpya aliyompa yeye mwenyewe, imepigwa pasi mpaka inakata. Siku yake ilikuwa ya mapumziko. Hoteli ilidhani ametumwa na Bwana Kurian, na Bwana Kurian alidhani ametumwa na hoteli. Mbele yake alisimama mpishi mmoja wa Mombasa, na Joram alikuwa amemshika mkono, anakikagua kidole chake cha mwisho.

"Wino uko. Umeshapiga. Rudi jikoni, ndugu."

"Joram," aliita Bi Zuleikha kwa sauti ya chini kabisa, ambayo kwake ilikuwa ya hatari. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nalinda kura, Mama. Wamejaribu sana leo. Watu zaidi ya hamsini wamekuja hapa kupiga mara ya pili. Nimewarudisha wote." Alisema kwa fahari iliyochoka. "Wengine wameshika adabu, hata hawajajaribu. Wanajua wana wino."

"Wino ule ni wa mazoezi!"

"Wino ni wino, Mama."

"Walipigia chapati, Joram. Chapati."

"Kura ya mtu ni moja. Ukipiga mbili huo ni wizi, hata kama ya kwanza ilikuwa ya chapati. Hivi ndivyo huanza. Leo unasema hii haihesabiki, kesho unasema ile haihesabiki, halafu tunajikuta pabaya."

"Na wewe mwenyewe umepiga?"

Joram akainua kidole chake cha zambarau na kukitazama kwa huzuni. "Mimi pia niko na wino," alisema. "Velma namtaka sana. Lakini siwezi kuiba."

Bi Zuleikha alijaribu kueleza. Walikwishakusanyika watu sasa, wapishi, wasafishaji na walinzi waliokuwa wanabadilishana zamu, na wote walikuwa upande wa Joram. Walimpenda Velma, walilitaka jiko, ila hakuna aliyetaka kuwa mwizi wa kura ugenini. Mama mmoja wa dobi kutoka Kisumu aliuliza: kama yale hayakuwa ya kweli, mbona ulitutia wino wa kweli?

"Ili mzoee," alisema Bi Zuleikha, na hata masikioni mwake jibu lile lilikuwa jepesi.

Basi wakajaribu kuutoa. Ililetwa ndimu kutoka baa, ikaletwa dawa ya meno, ikaletwa dawa ya kung'arisha mashuka na ile ya kufutia rangi ya kucha. Vidole vilisuguliwa mpaka vikawa vyekundu kuzunguka zambarau. Wino ulikaa pale pale, umetulia kama mwenye nyumba. Ndani, Bwana Kurian alianza kukunja karatasi zake.

Wakati wote walipokuwa wameinamia sinki, Bahadur alitoka kantini akijipangusa masharubu.

Joram aligeuka. "Huyu ametoka wapi?"

"Kupiga kura," alisema Bahadur.

"Na mazoezi hukuja? Mimi nilikuona. Una wino."

"Ninao." Bahadur akainua gumba la zambarau. "Lakini wewe mlangoni unaangalia kidole cha mwisho. Nimekuonyesha cha mwisho ukiwa umeinama hapo, ukanipitisha bila kunitazama usoni. Safi."

Pakazuka kelele. Wakenya walisema Wanepali wanapiga mara mbili. Mpishi wa Mombasa alisema hata yeye ana gumba safi, ana magumba mawili, na kama mambo ni hayo na arudi ndani sasa hivi. Joram alikuwa ameshika kichwa, kwa maana ulinzi wake ulikuwa umetoboka asubuhi yote bila yeye kujua.

Lakini Bi Zuleikha alilitazama gumba la Bahadur, akakitazama kidole cha Joram.

"Joram, baba," alisema. "Kidole cha mwisho ni cha wapi?"

"Cha Kenya. Na Tanzania."

"Na gumba?"

"La hawa watu wa Nepal."

"Na shahada ni ya India na Ufilipino. Haya. Hoteli hii iko Kenya?"

"Hapana."

"Iko Nepal?"

Joram akaona anapelekwa mahali ila hakuona mlango wa kutokea. "Iko Doha."

"Basi siku ile kila mtu alipiga kwa kidole cha kwao, chapati za kwao, mambo ya kwao. Kidole chako cha Kenya kimeshapiga kura, nakubali, na mimi nitakuwa wa kwanza kukukamata ukikitumia tena. Lakini kidole cha hoteli umeshakitumia?"

Hoja ilikuwa na kitu ndani yake, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni kitu gani.

"Na kidole cha hoteli ni kipi?" Joram aliuliza, polepole.

Wakaingia wote kumwuliza Bwana Kurian. Bwana Kurian, ambaye mkewe alikuwa amepiga simu mara mbili, aliona kundi la watu likimkabili na vidole juu. Aliwaambia kwamba hoteli haina kidole. Walimsihi achague kimoja. Alisema kimoja chochote. Joram alisema kwa heshima kwamba chochote si utaratibu. Bwana Kurian akanyoosha kidole cha shahada kuonyesha saa ya ukutani, na madereva wa Kihindi wakapiga kelele kwamba hicho kimeshatumika.

"Kidole cha pete," alisema Bi Zuleikha. "Hicho hakuna taifa lililokichukua."

Walihesabu wote, kwa nchi zote zilizokuwepo pale, na kweli hakuna. Wenye ndoa walivua pete zao. Joram alitaka kwanza Bwana Kurian atamke rasmi, na Bwana Kurian akatamka, kwa sauti ya mtu anayetia saini chochote mradi aende nyumbani, kwamba katika hoteli hii kura inapigwa kwa kidole cha pete.

Bi Zuleikha hakuwahi kukimbia tangu aje Doha. Siku hiyo alikimbia mpaka dobi na kurudi na kikombe cha wino, kwa sababu Joram alisema bila wino hawezi kujua nani ameshapiga. Habari ikapanda ghorofa kwa ghorofa. Watandika vitanda waliteremka na mashuka mikononi. Walinzi waliitana kwa redio: kidole cha pete, kidole cha pete, na wageni waliosikia ukumbini walidhani kuna mtu amevalishwa pete ya uchumba. Benard mwenyewe alishuka akapiga kura yake, akasema kwa upole kwamba haoni haya kujipigia. Foleni ilijikunja mara mbili ndani ya kantini, na Bi Zuleikha, akichovya kidole kimoja baada ya kingine, alikuwa na sura ya bibi harusi.

Wa mwisho alikuwa Joram. Aliingia, akapiga, akatoka na vidole viwili vya zambarau na amani usoni.

Magharibi sanduku lilipofunguliwa, waliopiga kura walikuwa wamepita nusu kwa mbali, na Velma alimshinda Benard kwa kura nyingi. Glavu nyeupe za mgahawani ziliongezewa mwezi mmoja.

Mikutano ya kamati haikuwa ya kishujaa. Velma alikwenda na hoja yake, uongozi ukauliza kuhusu moshi, Velma akaahidi madirisha wazi, wakabishana, wakaahirisha, wakarudi. Katika kikao cha tatu walikubaliana: jiko litafunguliwa Ijumaa, kwa majaribio, na mwakilishi atakuwa mdhamini wa usalama. Yaani lolote litakaloungua, ni Velma.

Ijumaa ya kwanza Bi Zuleikha alikwenda soko la samaki mapema akarudi na pweza. Alikuna nazi, akachemsha, akaunga, akakoroga, madirisha yote wazi na Velma amesimama pembeni ameshika taulo bichi kwa tahadhari. Joram alichungulia ndani ya sufuria akarudi nyuma.

"Mama, hii kitu iko na mikono ngapi?"

"Minane."

"Minane na hakuna hata kidole kimoja cha kutia wino," alisema Joram. "Hiyo ingepiga kura siku nzima."

Benard alitoka chumbani kwake na shuka mabegani, kusema kwamba siku yake ya kulala ni Ijumaa. Harufu ya tui ilimkuta kwenye korido, na alipofika mlangoni alikuwa amesahau alichotaka kusema. Akapewa sahani.

Bi Zuleikha aliwapakulia, akasimama na mwiko mkononi kuwatazama. Velma alionja. Akatafuna muda mrefu. Akameza.

"Anti, ni... imekuja vizuri. Tumefurahi sana kama wafanyakazi."

"Usinijibu kama mbunge," alisema Bi Zuleikha. "Mimi ndiye niliyekimbia na kikombe. Sema."

Velma akawatazama wenzake. Joram alikuwa anakunywa maji. Benard alikuwa anakunywa maji ya Joram.

"Chumvi, Anti," alisema Velma. "Chumvi ni nyingi mno."

Bi Zuleikha alionja kutoka kwenye mwiko, na uso wake ukafinyana. Miaka mitatu si kidogo. Mkono ulikuwa umesahau kipimo. Wote wakaogopa kwamba atalia. Kisha akaifunga kanga vizuri kiunoni, akarudisha sufuria motoni na kuongeza maji na tui lote lililobaki, mchuzi ukapanda mpaka ukingoni.

"Umekuwa mwingi huu, hatuumalizi wanne," alisema. "Velma, bandika wali. Benard, wewe kagonge milango, waite watu waje na sahani zao."

Benard akaenda, shuka begani, akaanza na mlango wa Bahadur.